Picha ya jaridani inapotakiwa kwa tangazo la benki: nani aulizwe, na bei ihesabiwe vipi?

Swali: Mimi ni mpiga picha, naishi Mombasa. Kwa miaka kadhaa nimekula kwa harusi na mahafali. Mwaka jana jarida moja lilinituma Lamu nikapige picha za mafundi wa majahazi wa Matondoni. Tulipatana kwa WhatsApp tu: shilingi 20,000 na nauli. Picha ya mzee mmoja fundi, ameshika patasi na nyundo, mjukuu wake ameketi nyuma juu ya mbao, ilitoka ukurasa mzima. Kesho yake nilibaki kwa gharama yangu, nikampiga mzee picha nyingine akiwa peke yake. Sasa nimepigiwa simu na wakala wa matangazo anayeifanyia kazi benki moja. Anaitaka ile picha ya jaridani kwa mabango, mitandao na vipeperushi vya mikopo ya wafanyabiashara wadogo, na anatoa 80,000 kwa "haki zote". Mhariri anasema picha ni ya jarida. Mzee alikubali kwa mdomo, hakutia sahihi popote. Nijuavyo mimi, aliyebonyeza kitufe ndiye mwenye picha, na aliyekubali kupigwa picha amekubali. Je, niuze? Na 80,000 ni bei ya haki?

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza bei, lakini ukiyasoma tena maneno yako utaona kwamba wasiwasi wenyewe umeitangulia bei. Huna hakika kama unachotaka kuuza ni chako, na huna hakika kama mzee wa Matondoni angeridhia kuwekwa kwenye bango la benki. Nitakujibu kwa utaratibu huo, kwa sababu kujadili bei ya kitu usichokuwa na mamlaka nacho ni kujichosha bure. Kwa leo usimwambie wakala ndiyo, wala usimkatalie. Mwambie unashughulikia vibali, kisha umwombe akuandikie picha itatumika wapi, kwa muda gani na katika nchi zipi. Wakala mzoefu haoni ajabu kuulizwa hivyo, na anayekasirishwa na swali hilo amekuonyesha mapema atakavyokuwa siku ya malipo.

Tuanze na tofauti ambayo kazi yetu yote imejengwa juu yake. Picha ya mtu inayopigwa kwa ajili ya jarida humweleza mtu huyo: huyu ni fundi, anaishi hapa, kazi yake ni hii na habari yake ndiyo hii. Picha ya mtu inayowekwa kwenye tangazo humtumia mtu huyo kueleza kitu kingine, na kila anayepita chini ya bango husoma kwamba mwenye sura ile ni mteja wa benki, au anaiunga mkono, au angalau amelipwa ili aonekane hivyo. Patasi ni ile ile, mwanga ni ule ule na uso ni ule ule, ila kazi ya picha imebadilika, na ridhaa aliyoitoa mzee kwa kazi ya kwanza haikuihusu ya pili. Wengi wanaotoka kwenye harusi hawakulazimika kulifikiria jambo hili, kwa sababu harusini anayelipa, anayepigwa picha na anayezitumia picha kwa kawaida ni watu wa nyumba moja. Katika picha za majarida na za matangazo watu hao ni watatu mbalimbali, na kila mmoja ana neno lake.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu ya mahali ulipoipiga picha. Matondoni ni kijiji cha Waislamu, na benki inataka kutangaza mikopo. Ikiwa mikopo hiyo ni ya riba, mzee ambaye hajawahi kukopa hata shilingi anaweza kujikuta akiulizwa baada ya sala ya Ijumaa ni lini ameanza kuipigia debe riba, na hakuna atakayeamini kwamba hakujua. Huenda benki inatangaza huduma zake zinazofuata sharia, na mzee akaona ni jambo jema. Huenda hilo halimkeri kabisa. Anayejua ni yeye. Ndiyo maana ridhaa ya tangazo lazima itaje bidhaa inayotangazwa; ridhaa isemayo "kwa matumizi ya biashara" pekee haikumweleza mtu chochote kuhusu kile atakachosimamishwa mbele ya watu akisifie.

Sheria ya Kenya inaifuata tofauti hiyo kwa karibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi. Kifungu cha 52 kinaipa nafuu kazi ya uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na hiyo ndiyo iliyokuwezesha kufanya kazi ya jarida kwa ridhaa ya mdomo bila tatizo. Kifungu cha 37 kinazuia kutumia taarifa za mtu kwa faida ya kibiashara pasipo ridhaa yake ya wazi au idhini ya sheria nyingine. Juu ya hapo ipo Katiba ya 2010, ambayo Ibara ya 28 inalinda heshima ya mtu na Ibara ya 31 inalinda faragha yake, na mahakama zetu zimeshawapa watu fidia baada ya sura zao kutumiwa kwenye matangazo bila wao kukubali. Katika kesi hizo huangaliwa mambo matatu: kama sura au sifa ya mtu imetumika, kama imetumika kwa manufaa ya mwingine, na kama hakutoa ridhaa. Kwa picha yako, mambo mawili ya kwanza yatakuwa yamekwisha kutimia siku bango litakapopandishwa. Wala Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haitishii bure. Mwaka 2023 ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 dhidi ya klabu moja ya burudani jijini Nairobi iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shilingi 4,550,000 dhidi ya shule iliyotumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kwa hiyo nusu ya pili ya imani yako, kwamba aliyekubali kupigwa picha amekubali, tuiweke kando. Iko kesi ya nje ninayopenda kuwatajia wapiga picha chipukizi kwa sababu inaonyesha wazi kwamba ruhusa hizi ni mbili. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Virgin Mobile nchini Australia ilichukua kutoka Flickr, mtandao wa kuwekea picha, picha ya msichana mmoja wa Texas, ikaiweka kwenye vituo vya mabasi. Aliyeipiga alikuwa ameiweka chini ya leseni huria iliyoruhusu hata matumizi ya biashara, kwa hiyo upande wa hakimiliki mlango ulikuwa wazi. Msichana mwenyewe hakuwa ameulizwa na mtu yeyote, na familia yake ikaenda mahakamani. Shauri hilo liliondolewa baadaye kwa sababu mahakama ya Texas iliona haina mamlaka juu ya kampuni ya Australia, lakini tangazo lilikuwa limekwisha kuwa aibu kwa kampuni na usumbufu mkubwa kwa mpiga picha.

Sasa nusu ya kwanza, ambayo najua itakuuma zaidi. Watu wengi wa fani yetu wanaamini kwamba aliyebonyeza kitufe ndiye mwenye picha. Ni kweli kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na utungaji wake, na huyo ni wewe. Lakini mtunzi na mmiliki wanaweza kuwa watu wawili. Kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Wasomaji wa miongozo ya Marekani na Uingereza hushangaa hapa, kwani huko mpiga picha wa kujitegemea hubaki na hakimiliki asipoiuza kwa maandishi, na mikataba mingi inayozunguka mtandaoni imeandikwa kwa kudhani hivyo. Kwetu, ukinyamaza, ukimya wako humfaidi aliyekuagiza. Mhariri wako hakukutisha kwa maneno matupu, ana hoja.

Hoja yake, hata hivyo, inategemea yaliyomo kwenye simu yako. Rudi kwenye ujumbe wa WhatsApp uusome kuanzia neno la kwanza, usifute chochote, na uhifadhi nakala mahali pengine. Kama mhariri aliandika kwamba anahitaji picha "za toleo la Agosti", au wewe ulimwambia "mtumie kwa makala hii" naye akajibu sawa, unaweza kudai kwamba mlikubaliana matumizi yenye mpaka. Kama aliandika tu "nenda Matondoni, tunalipa 20,000 na nauli", hali yako ni dhaifu. Kati ya hizo mbili kuna majadiliano, na mara nyingi majadiliano huzaa matunda kuliko ugomvi, kwa kuwa jarida nalo haliwezi kuiuzia benki sura ya mzee bila ridhaa yake, na mwenye kumjua mzee ni wewe. Pendekeza mgawanyo wa ada kwa maandishi. Nimeona wahariri wakiridhika na sehemu ndogo pamoja na jina la jarida kutajwa, maana biashara yao ni kuuza magazeti, hawana muda wa kufuatilia leseni za picha. Hata ikithibitika kwamba picha ni yao, haki yako ya kutambuliwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima, hubaki kwako.

Zile picha za kesho yake ni habari nyingine, na nashangaa umezitaja kwa mstari mmoja tu. Hukuzipiga kwa agizo la mtu, ulizipiga kwa gharama yako, na mzee yuko peke yake. Mhariri anaweza kusema kwamba nauli iliyokufikisha Lamu ilitoka kwake, lakini nauli haifanyi kila ulichokiona kisiwani kuwa agizo lake. Hifadhi risiti ya malazi ya usiku ule na faili za asili, ambazo ndani yake kamera imeandika tarehe na saa. Kama nisingekuwa na chaguo jingine ila kuuza picha iliyopo, ningemwonyesha wakala hizo kwanza.

Na yuko mjukuu. Kwenye ukurasa wa jarida aliipa picha uhai, bila shaka, lakini kwenye tangazo yeye ndiye sehemu nyeti kuliko zote. Ridhaa ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi wake, na babu si lazima awe ndiye mlezi huyo kisheria. Huenda baba yuko baharini na mama yuko Mpeketoni. Bila sahihi ya mwenye malezi, mtoto asionekane kabisa. Kumfuta kwa kompyuta kunawezekana, ila utakuwa umebadilisha picha iliyotolewa na jarida kama ushahidi wa jambo lililokuwapo, na wasomaji walioiona watauliza.

Tupime basi njia zilizopo. Ya kwanza ni kuuza ile ile ya jaridani, na nimekwisha kukuonyesha vikwazo vyake vitatu: jarida, mzee na mtoto. Kuna na cha nne ambacho wakala atakigundua mwenyewe akifika kwenye meza ya usanifu. Picha ya ukurasa mzima ni ya kusimama, na bango la barabarani ni la kulala. Ukiikata iwe pana, ama kofia ya mzee itaondoka, ama mikono na patasi, na mikono hiyo ndiyo inayomfanya awe fundi badala ya mzee yeyote wa pwani. Njia ya pili ni kuuza moja ya zile za kesho yake baada ya kupata ridhaa, na ni njia nzuri ikiwa imo humo yenye nafasi tupu upande mmoja kwa ajili ya maandishi. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni kuishawishi benki ikuagize upige upya: mzee yule yule kama ataridhia, amelipwa kama mshiriki wa tangazo, akijua bidhaa ni ipi, na picha imetungwa kwa bango tangu mwanzo. Benki itatumia zaidi, lakini itapata kitu ambacho idara yake ya sheria itakipitisha bila kukirudisha mara tatu.

Ukienda kupiga upya, kumbuka kwamba benki ndiyo itakayokuwa imeagiza, na kifungu cha 31 kitafanya kazi kwa faida yake usipoandika. Sentensi moja kwenye makubaliano, yenye sahihi za pande zote mbili kabla hujapanda basi, inatosha kusema kwamba hakimiliki inabaki kwako na benki inapewa leseni kwa matumizi yaliyotajwa. Na kwa upande wa ufundi, usimpige mzee ufukweni saa sita mchana kwa kuwa wakala ana haraka. Kamera ikiona bahari nyeupe nyuma ya uso mweusi hupunguza mwanga, na uso huzama. Ongeza mwanga kwa makusudi, ukiangalia ngozi na kuiacha bahari ing'ae. Bora zaidi, msogeze ukingoni mwa kivuli cha makuti ambako jahazi linajengwa, mwanga wa wazi uje kutoka upande mmoja, nawe utaona mishipa ya mkono na vumbi la mbao kwenye vidole bila taa yoyote. Tazama pia alichovaa. Fulana za kampeni za uchaguzi zimejaa katika sehemu za kazi za nchi hii, na fulana yenye uso wa mgombea, au nembo ya kampuni ya simu, haiingii kwenye tangazo la benki hata mwanga ungekuwa mzuri kiasi gani. Chukua shati la rangi moja la ziada, au mwambie mzee siku moja kabla.

Sasa bei. Mwenye jahazi akilikodisha kwa safari moja ya Mombasa hajaliuza, na mwenye kulikodi kwa mwaka mzima hulipa zaidi ya aliyelikodi kwa siku mbili; leseni ya picha huhesabiwa vivyo hivyo. Tenga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi yako: siku za kupiga, siku za safari na muda wa kuhariri. La pili ni gharama, yaani nauli, malazi, msaidizi na malipo ya mshiriki, ambazo mteja huzilipa kama zilivyo. La tatu ni matumizi, na hapa ndipo wapiga picha wengi wanapojipunja, kwa kuwa wamezoea bei ya siku. Matumizi hupimwa kwa vyombo vitakavyotumika, muda, eneo na upekee. Vipeperushi na mitandao ndani ya Kenya kwa miezi sita ni kitu kidogo. Ongeza mabango na bei hupanda. Ongeza nchi jirani ambako benki ina matawi, itapanda tena. Na benki ikitaka picha hiyo isitumiwe na benki nyingine yoyote, upekee huo nao una bei, na leseni ya kipekee haisimami kisheria bila maandishi yenye sahihi yako.

Kwa kipimo hicho, je, 80,000 ni haki? Kwa mitandao na vipeperushi nchini Kenya kwa mwaka mmoja, bila mabango na bila upekee, kwa mtu anayeingia kwenye soko la matangazo kwa mara ya kwanza, si matusi, na ningekaa nao mezani. Kwa "haki zote", milele, kila mahali, ni kidogo, na ningeikataa kwa upole. Usishindane na wakala kuhusu neno "haki zote". Mara nyingi ameliandika kwa mazoea na hata hajui benki inahitaji nini. Muulize kampeni inaanza lini na inakwisha lini, kisha umpe bei ya kipindi hicho pamoja na bei ya kuongeza mwaka mwingine iliyokubaliwa sasa hivi. Hapo hukumnyima kitu, naye anajua atalipa nini mbele ya safari. Malipo ya mzee yawe mstari wake kwenye ankara, yalipwe na benki, yasitoke kwenye fungu lako wala kuachwa kuwa zawadi utakayompa ukipenda. Kumbuka pia kwamba wakala atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayekulipa huikata kabla ya kukupa fedha zako. Dai cheti chake, kwa kuwa kiasi hicho ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

Kabla ya kutia sahihi mkataba watakaokutumia, tafuta maeneo mawili. Moja ni kifungu kinachosema kwamba wewe utabeba hasara yote ya benki iwapo mtu yeyote atadai lolote kuhusu picha. Kubali kuwajibika kwa yale uliyoyathibitisha, yaani kwamba picha ni yako na ridhaa uliyowapa ni ya kweli. Usikubali kuwajibika kwa maneno watakayoandika juu ya uso wa mzee baada ya wewe kuondoka. La pili ni ruhusa ya kuibadilisha picha au kuilisha kwenye programu za akili unde. Mzee aliyekubali kutangaza akaunti ya akiba hakukubali kutengenezewa video inayomtamkisha asiyoyasema. Andika wazi kwamba hilo haliruhusiwi bila ridhaa mpya.

Ridhaa yenyewe kaitafute ana kwa ana. Andika fomu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, isiyo na maneno ya kimahakama: jina la benki, bidhaa inayotangazwa, picha itaonekana wapi, kwa muda gani, atalipwa kiasi gani na lini. Msomee mbele ya mtu anayemwamini, mtoto wake mkubwa au imamu, na umwonyeshe kwa simu mfano wa bango halisi lililoko barabarani Mombasa, kwa sababu mtu anayeishi kisiwani anaweza kusikia neno "bango" akadhani ni karatasi ya ukutani. Mpe siku moja ya kufikiri. Kama hawezi kuandika, dole gumba na sahihi ya shahidi zinafaa. Aachiwe nakala. Malipo yapitie M-Pesa ili pande zote mbili ziwe na kumbukumbu. Mweleze pia kwamba sheria inamruhusu kuondoa ridhaa yake baadaye, na umweleze wakala hivyo hivyo, ili mkataba useme nini kitatokea: matumizi ya nyuma hayageuki kuwa kosa, lakini mabango mapya hayataongezwa. Wako wanaoogopa kulitaja hilo wakidhani litamtia mzee wazo la kukataa. Kwa uzoefu wangu, anayeambiwa kwamba mlango uko wazi husikiliza kwa utulivu zaidi. Na akisema hataki, basi hataki. Usiongeze bei mara ya pili mbele ya wajukuu zake.

Mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Yako machache ambayo nakusihi umwone wakili anayejua hakimiliki, ukiwa na simu yenye ule ujumbe mkononi: jarida likikataa mgawanyo na kukuandikia barua ya kukuzuia, benki ikisisitiza kifungu cha kubeba hasara zote au uhamisho kamili wa hakimiliki, tangazo likitakiwa kuvuka mipaka ya Kenya, au ukigundua kwamba picha ya jaridani imekwisha kutumika mahali fulani bila wewe wala mzee kujua. Kwa hili la mwisho piga picha ya bango au ya ukurasa, na tarehe ionekane, kabla hujapiga simu kwa yeyote. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hupokea usajili wa kazi na malalamiko kuhusu ukiukaji, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya mzee mwenyewe, ambayo ni haki yake hata kama mlalamikiwa atakuwa wewe.

Leo basi andika barua mbili fupi. Ya mhariri imuulize kama jarida litaridhia mgawanyo wa ada iwapo benki itang'ang'ania picha ile. Ya wakala imwambie kwamba unazo picha nyingine za fundi huyo huyo, kwamba unapendekeza kupiga upya kwa ajili ya bango, na kwamba hutatuma faili yoyote kubwa kabla ya ridhaa ya mzee kupatikana. Mzee usimpigie simu kabla ya kupata jibu la wakala, kwa sababu atakachokuuliza kwanza ni benki gani na mikopo ya namna gani, nawe uwe na jibu.